Abuk na Kisanduku Kilichofundishwa Kuitikia Hodi

Kitu cha kwanza ambacho mtu huona kwa Abuk Lueth ni kiganja chake cha kulia. Kabla ya kuketi mbele ya kompyuta yoyote, kabla hata ya kumsalimu mwenye kompyuta hiyo, hukiweka kiganja juu ya mashine na kukituliza hapo kama mama anayepima homa kwenye paji la uso wa mtoto. Akiridhika, huketi. Asiporidhika huizima, hufungua madirisha, kisha huwaambia waliopo waende wakanywe chai.

"Joto la huku haliui kwa kelele," huwaambia wanafunzi wake. "Linaua taratibu, kama mgeni asiyejua kuaga."

Abuk alifika Kakuma akiwa na umri wa kutembea, ingawa si wa kutembea mbali, na sehemu kubwa ya safari kutoka Sudan ya Kusini aliimaliza mgongoni mwa mama yake. Alisoma katika shule za kambini, akafanya kozi ya kompyuta, na walimu wa kozi hiyo walipohama, kompyuta zikabaki naye. Zilikuwa kuukuu, zimejaa virusi, na ukumbi wa kusomea wa kanisa ulikuwa karibu kuzitupa. Abuk alizifuta moja baada ya nyingine akaweka programu endeshi ya Linux, kwa kuwa ilikuwa ya bure na haikudharau mashine zilizozeeka. Aliharibu nyingine alipokuwa akijifunza. Nyingi zilifufuka.

Mama yake, Awut, alijulikana kambini kwa jambo jingine kabisa. Yeye ndiye aliyekuwa akitunga nyimbo. Jumapili, ngoma zilipolia na misalaba mirefu ya mbao ikainuliwa, sauti iliyotangulia ilikuwa yake, na nyuma yake wanawake wote wa kwaya. Wimbo wake mkubwa ulikuwa ule wa mto, unaosimulia usiku ambao watu walivuka maji huku wakishikana mikono, na jinsi walivyohesabiana ng'ambo. Kisha nchi yao ikapata uhuru na watu wakaanza kurudi. Awut alirudi Bor, na wanakwaya wenzake wakatawanyika. Vijana waliobaki Kakuma waliujua wimbo wa mto hadi mwisho wa ubeti wa pili. Kutoka hapo walivumisha sauti tu, midomo imefungwa, mpaka mpiga ngoma awaokoe.

Abuk aliwahi kumpigia mama yake simu amwulize maneno yaliyobaki. Awut, ambaye kifua kilikuwa kimemsumbua mwaka mzima na sauti yake ikabaki nyembamba, alikohoa kwanza.

"Nilitunga nyingi, mwanangu, nikaziacha huko huko," akasema. "Mtu hahami na kila kitu."

Ndiyo maana barua pepe iliyofika mwanzoni mwa mwaka 2013 ilimfanya Abuk asimame katikati ya somo. Maktaba ya chuo kimoja cha ng'ambo ilikuwa imepata filamu zilizopigwa Kakuma mwaka 1998 na mgeni aliyekuwa akipita. Miongoni mwazo kulikuwa na ibada nzima ya Pasaka, kwaya ya akina mama ikiimba kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wangempa, ila faili lilikuwa moja tu, la zaidi ya gigabaiti thelathini, na lingekuwa wazi kupakuliwa hadi mwisho wa Machi. Baada ya hapo ghala lao lingehamishwa na mlango ungefungwa. Na Awut naye alikuwa akija Kakuma kwa Pasaka, ambayo mwaka huo iliangukia siku ile ile ya mwisho wa Machi. Abuk alitaka mama yake aukute wimbo wake ukiwa mzima.

Mtandao wa ukumbi wa Kakuma ulikuwa mwembamba kama uzi wa buibui. Abuk aliomba kibali cha kutoka kambini, akabeba kisanduku kipya cha diski, cha kuhifadhia mafaili, ambacho ukumbi ulikuwa umepewa, akaenda Lodwar kwenye ofisi ya kanisa yenye dishi la setilaiti. Kibali kilimruhusu kukaa hadi Ijumaa Kuu.

Fundi wa ofisi ile alikuwa Elijah, mtu wa Vihiga, mcheshi, ambaye joto la Lodwar lilikuwa limemtoa kitambi lakini halikumtoa maneno.

"Dada Abuk, karibu," alisema. "Kompyuta ya dishi ni ile iliyo stoo. Diski yake ndogo, na stoo yenyewe ni jiko."

Abuk alipima kwa kiganja, akatikisa kichwa. Kisanduku hakingekaa humo, kingeiva. Wakakipeleka kwenye chumba cha uhasibu, chenye feni na kufuli, na wakavuta waya hadi stoo. Mpango ulikuwa mwepesi kueleweka. Kompyuta ya stoo ingelivuta faili kutoka angani na kulimimina moja kwa moja ndani ya kisanduku kwa njia ya waya, bila kuligusisha kwenye diski yake ndogo.

Mwenye chumba cha uhasibu aliitwa Bilha, lakini ofisi nzima ilimwita Mama Jelagat kwa jina la bintiye. Alikipokea kisanduku kama mtu anayekabidhiwa mtoto mchanga.

"Kitalala vizuri hapa," alisema. "Na wewe utalala kwangu."

Asubuhi ya kwanza faili lilianza kushuka, na taa ndogo za kisanduku zikacheza. Saa za mchana jenereta ilizimwa ipumzike, kama ilivyokuwa desturi ya ofisi. Ilipowashwa tena, kompyuta ikaamka yenyewe na kuendelea na kazi, maana Abuk alikuwa ameiandikia maagizo ya kufanya hivyo. Kufikia jioni kazi ilikuwa imekufa. Kwenye skrini kulikuwa na neno moja la kushangaza: nafasi imekwisha.

"Nafasi imekwisha wapi?" Elijah aliuliza. "Kisanduku kizima hiki kitupu kama uwanja wa ndege."

Walikikagua. Kweli, kilikuwa na nafasi ya kumeza mafaili hayo mara nyingi. Ndani yake kulikuwa na kipande tu cha faili, kile cha asubuhi. Wakakifuta wakidhani kimeharibika, wakaanza upya. Siku iliyofuata ikawa vile vile. Elijah alipanda juu ya paa akalifuta dishi vumbi, akashuka akiwa mwekundu kama udongo. Haikusaidia. Abuk alibadilisha waya. Haikusaidia. Wakawa kama mtu anayesuka mkeka mchana na kuufumua jioni, huku Juma Kuu likikaribia.

Kila asubuhi Lokeno, mlinzi wa lango, alimpokea kwa salamu ile ile. "Ejok, Abuk. Wimbo imefika?"

"Ejok. Bado uko njiani."

"Hiyo wimbo inatembea kwa miguu," Lokeno alisema, akafunga lango.

Kilichomkosesha Abuk usingizi ni jambo moja alilolikuta alipozidi kuchimba. Iliyokuwa imejaa ni diski ndogo ya kompyuta ya stoo, ile ambayo faili halikupaswa kuigusa. Lakini alipopekua folda zake zote kutafuta kilichoijaza, hakukiona. Alijumlisha vilivyokuwemo, havikufika hata nusu. Diski ilikuwa imeshiba, na chakula hakikuonekana.

"Imelogwa," Elijah alisema.

"Usiseme hivyo ndani ya ofisi ya kanisa."

"Basi imejaribiwa."

Jumatatu ya Juma Kuu, Abuk aliamka mapema akaenda kumsaidia Bilha kuchota maji. Kwenye bomba la mtaa kulikuwa na foleni ndefu ya mitungi ya plastiki, ya njano na ya bluu, imepangwa safu moja. Wenyewe walikuwa wameketi kwenye kivuli cha ukuta wakipiga soga. Mtungi ndio unaokushikia nafasi, na maji yakitoka, aliye karibu na bomba humjazia hata asiyekuwepo, kisha akausogeza mtungi kando. Ni heshima ya bomba.

Maji yalitoka. Abuk, aliyekuwa mbele, aliujaza mtungi wa Bilha, kisha akauvuta ule uliofuata, wa njano, akauweka chini ya bomba akageuka kuongea na mtu. Alipogeuka tena aliona mchanga miguuni pake umegeuka matope. Mtungi ulikuwa bado mwepesi.

Mwenyewe, mama mmoja Mturkana jina lake Akidor, alikuja akikimbia na mtungi mwingine mkononi.

"Wee binti ya Kakuma! Unanywesha mchanga maji?"

"Nilikuwa nakujazia, mama."

"Hiyo ni ya kushika laini tu. Iko na shimo chini, hata mbuzi yangu inajua. Mtungi ya maji ni hii." Akauinua ule mzima. Kivuli kizima kikacheka.

Abuk hakucheka. Alibaki ameuinamia mtungi wa njano, maji ya mwisho yakitiririka kutoka tundu lake. Ulikuwa umesimama mahali hasa pa mtungi wa kweli. Yeye alikuwa ameona mahali, hakutazama mtungi.

"Mama Akidor, asante," alisema.

"Asante ya nini?"

Lakini Abuk alikuwa ameshaondoka, na mtungi wa Bilha ukabaki pale umejaa, ukimngoja mwenyewe.

Alimkuta Elijah akifungua stoo. "Kaka, folda," alisema akihema. "Tunamiminia folda, hatumiminii kisanduku."

"Pumua kwanza. Folda si ndiyo kisanduku?"

"Si lazima. Keti nikuonyeshe."

Kwenye Linux, kisanduku cha mbali hakionekani kama kitu cha peke yake. Unatenga folda tupu ndani ya kompyuta, kisha unakiunganisha kisanduku hapo, na tangu wakati huo kila kinachowekwa kwenye folda ile kinasafiri hadi kisandukuni. Lakini folda yenyewe ilikuwepo kabla, na itakuwepo hata kisanduku kisipounganishwa. Itasimama pale pale na jina lake lile lile, kama mtungi wa njano. Ukiimiminia, itapokea, ila vinavyomiminwa vitaangukia diski ndogo ya kompyuta mpaka ijae. Na kisanduku kikija kuunganishwa baadaye kinaifunika folda ile kama ngozi iliyotandazwa juu ya lundo la mtama: unaiona ngozi, mtama huuoni.

Abuk alikitenga kisanduku na kompyuta. Ngozi ikaondoka. Chini yake, katika folda iliyopaswa kuwa tupu, vililala vipande vya faili lao, vimeibana diski ndogo hadi ukutani.

Elijah aliketi polepole. "Kwa hiyo mimi nilipanda paa bure."

"Dishi lilihitaji kuoga."

"Sawa. Lakini niambie, kwa nini kisanduku hakikuunganishwa? Kiko kwa Mama Jelagat, kwenye feni, na chumba kina betri zake. Hakizimwi hata jenereta ikizimwa."

Kazi iliharibika kila baada ya jenereta kuzimwa mchana, kwa hiyo wakangoja saa hiyo. Jenereta iliponyamaza walitembea hadi chumba cha uhasibu, na kupitia mlango ulioachwa wazi wakamwona Bilha akijiandaa kwenda kula. Alifunga kabati. Kisha akainama juu ya kisanduku, akaweka kiganja chake cha kulia juu yake na kukituliza hapo, kama mama anayepima homa.

"Umechoka, maskini," alikiambia. "Pumzika." Akabonyeza swichi, taa zikazimika, akakifunika kwa kitambaa cha maua.

Elijah alijiegemeza ukutani. Mabega yake yalianza kutikisika.

"Mama Jelagat," Abuk alisema, "unakizima kila siku?"

"Kila mchana. Si wewe uliyekuja hapa mwaka jana ukatufundisha? Weka mkono, ikiwa moto izimwe ipumzike. Nikirudi saa nane na nusu nakiwasha." Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Nimekosea?"

Jenereta ilikuwa ikiwashwa saa nane. Kompyuta ya stoo iliamka, ikatafuta kisanduku, ikakikosa, na ikamimina kazi yote kwenye folda tupu. Bilha aliporudi na kukiwasha, kompyuta ilikiunganisha, na ngozi ikatandazwa juu ya lundo ambalo lilikuwa likiendelea kukua chini yake.

"Hukukosea hata kidogo," Abuk alisema. "Ulifaulu somo. Mwalimu ndiye hakumaliza kufundisha."

Hapo Elijah alishindwa, akaketi sakafuni akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Bilha, alipoelezwa, akacheka kuliko yeye.

Ingetosha kumwambia Bilha asikizime tena. Lakini Abuk aliijua dunia ya Turkana, ambamo umeme, upepo na watu wema vinaweza kuzima kitu wakati wowote. Alitaka kompyuta yenyewe ijifunze adabu.

"Kwetu," Elijah alisema, akijipangusa macho, "ukipiga hodi na nyumba ikanyamaza, unabaki nje. Hata mvua ikinyesha. Huingii ukaanza kupanga vyombo."

Abuk alimgeukia. "Rudia."

"Nini? Kwamba unabaki nje?"

"Hiyo hiyo. Tuifundishe kupiga hodi."

Jenereta ilipowashwa walikiwasha kisanduku, naye Abuk akaweka ndani yake faili dogo lisilo na kitu, akaliita karibu. Halikuwepo mahali pengine popote. Kisha akayaandika upya maagizo ya kompyuta ya stoo. Kabla ya kuvuta chochote ijaribu kukiunganisha kisanduku, halafu itazame ndani ya folda kama karibu ipo. Ikiwepo, iingie na iendelee pale kazi ilipokatikia, bila kuanza upya. Isipokuwepo, ingoje nje na kubisha tena. Elijah naye aliifunga ile folda tupu isikubali kuandikwa na yeyote, ili hata kompyuta ikipotewa na adabu, mlango uirudishe.

"Tuijaribu," alisema Bilha. "Nikizime tena, tuone kama imelelewa."

Walimwacha akizime. Elijah akaiwasha upya kompyuta, wote watatu wakasimama ndani ya jiko lile la stoo, jasho likiwatiririka. Kwenye skrini yakatokea maneno aliyoyaandika Abuk: Hodi. Kimya. Baada ya muda: Hodi. Kimya. Haikumimina hata tone. Bilha akaenda chumbani kwake akabonyeza swichi, akarudi mbio ameshika viatu mkononi. Skrini ikasema: Karibu imeonekana. Naingia.

Bilha alipiga kigelegele kilichomleta Lokeno kutoka langoni na rungu lake.

"Nani amevamiwa?"

"Hakuna aliyevamiwa, Lokeno," Elijah alisema. "Kompyuta imebisha hodi."

Lokeno aliitazama kompyuta kwa makini. "Na kabla ya leo ilikuwa inaingia tu?"

Faili lilishuka Jumanne yote na Jumatano. Jenereta ilizimwa na kuwashwa, upepo ukalitikisa dishi, mtandao ukakatika na kurudi. Kila mara kompyuta ilibisha, ikaitikiwa, ikaendelea. Alhamisi alasiri namba za mwisho zilitimia. Abuk aliilinganisha alama ya uhakiki ya faili, inayoonyesha kama limefika zima, na ile iliyotumwa na maktaba, herufi kwa herufi, Elijah akisoma na yeye akifuata kwa kidole. Zililingana zote.

Wakafungua filamu. Kulikuwa na vumbi, halafu misalaba, halafu wanawake waliovaa nguo nyeupe. Mbele yao alisimama mama mmoja mrefu, kijana, mkono mmoja umeinuliwa, na alipofungua kinywa sauti ilijaza stoo kana kwamba ukuta haukuwepo. Pembeni mwa miguu yake alikaa msichana mwembamba akiitazama kamera kwa mashaka. Abuk alijitambua.

Ubeti wa kwanza ukapita, na wa pili. Midomo ya Awut ilipofunguka kuanza wa tatu, Abuk alisimamisha filamu.

"Ah, dada," Elijah alilalamika. "Hapo ndipo penyewe."

"Hapo ndipo penyewe," Abuk alikubali. "Nitausikia pamoja na mwenye wimbo."

Jioni hiyo alipiga simu Bor.

"Mama, nimeupata. Wa mto. Wote."

"Wote? Mimi mwisho wake nimeusahau."

"Wewe uliye kwenye filamu hujausahau."

Awut alicheka kwa ile sauti nyembamba. "Basi nakuja kumwuliza."

Ijumaa Kuu Abuk alirudi Kakuma, kibali chake kikiwa bado hai, kisanduku mapajani kikiwa kimefungwa ndani ya kitambaa cha maua ambacho Bilha alikataa kurudishiwa. Lokeno alikuwa amefungua lango kabla hajaombwa. "Wimbo imepanda gari," alitangaza.

Jumamosi alasiri ukumbi wa Kakuma umejaa. Vijana wa kwaya wamekaa mbele na kalamu zao, tayari kuyashika maneno ya ubeti wa tatu. Shuka jeupe limetundikwa ukutani. Filamu imesimama pale pale ilipoachwa, mkono wa Awut ukiwa hewani na kinywa kikianza kufunguka. Watoto wamepewa ulinzi wa barabara, na kila gari linapotimua vumbi upande wa Lokichoggio hupiga mayowe, kisha hunyamaza linapopita.

Simu ya Abuk inalia. Ni Awut. Wameshavuka mpaka pale Nadapal, anasema, wako Lokichoggio, dereva anajaza mafuta, na abiria wenzake wote wanaijua habari kwa sababu amewaimbia beti mbili njia nzima.

"Msianze kabla sijafika."

"Hatuanzi, mama."

Abuk anakata simu. Saa mbili baadaye, jua likianza kuinama, anakiweka kiganja juu ya kisanduku na kukituliza hapo. Hakina homa. Nje, watoto wameanza kupiga mayowe tena, na safari hii bado hawajanyamaza.